Dom Pérignon: Mtawa aliyesifiwa kwa mapovu aliyoyapiga vita

WENGI waliowahi kulisikia jina la Dom Pérignon hudhani kuwa ni jina la kinywaji tu, ile shampeni ya bei ghali ambayo matajiri huifungua kwa mshindo kwenye sherehe zao. Ni wachache wanaofahamu kwamba jina hilo lilikuwa la mtu, mtawa wa Kikatoliki aliyeishi Ufaransa zaidi ya miaka 300 iliyopita, na kwamba sehemu kubwa ya sifa anazopewa leo hakuzitafuta wala hangezikubali.

Kwa mkulima wa kahawa wa Wamagana, Othaya au Mukurwe-ini, maisha ya mtawa huyu si hadithi ya mbali kama inavyoonekana. Kazi yake ilikuwa kupokea mazao ya wakulima wadogo, kuyachagua, kuyachanganya na kuyatafutia soko. Swali la nani alivuna fedha na nani alivuna jina lilianza mikononi mwake, na lilikuja kuzua ghasia na mioto karne mbili baada ya yeye kuzikwa.

Pierre Pérignon alizaliwa katika mji mdogo wa Sainte-Menehould, jimbo la kale la Champagne, mwishoni mwa 1638, na kubatizwa Januari 5, 1639. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Babake alikuwa karani katika utawala wa eneo hilo, na ukoo wake ulimiliki mashamba kadhaa ya mizabibu. Mamake alifariki kiangazi kilichofuata, mtoto akiwa bado mchanga. Kwa sadfa ya ajabu, Mfalme Louis XIV, aliyeitawala Ufaransa kwa miaka mingi kuliko mfalme mwingine yeyote, alizaliwa Septemba 1638, miezi michache tu kabla ya mwana huyu wa karani. Wawili hao wangeaga dunia katika mwezi mmoja.

Pierre alisomeshwa na Wajesuiti mjini Châlons, kisha akiwa kijana wa miaka kumi na kitu akajiunga na Wabenedikto katika abasia ya Saint-Vanne, mjini Verdun. Watawa wa Saint-Vanne walikuwa wakiongoza vuguvugu la kurejesha nidhamu ya zamani iliyokuwa imelegea: sala, kusoma, na kazi ya mikono kila siku. Jina Dom ambalo leo limekuwa kama sehemu ya jina lake halikuwa jina hata kidogo. Ni cheo cha heshima walichopewa watawa wa shirika hilo, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya bwana.

Mnamo 1668, akiwa na umri wa miaka 29, alihamishiwa abasia ya Hautvillers, iliyo juu ya mteremko unaoutazama mto Marne na mji wa Épernay. Vita vya karne hiyo vilikuwa vimeuacha mkoa mzima wa Champagne ukiwa umechakaa, na mali ya watawa ilihitaji mtu wa kuitengeneza. Pérignon alikabidhiwa wadhifa wa msimamizi wa mali. Wadhifa huo ulijumuisha ghala la chakula, ardhi, madeni, mauzo, na mapipa ya mvinyo. Angekuwa anaishi Nyeri leo, watu wangesema kuwa yeye ni meneja wa kiwanda na mweka hazina wa chama cha ushirika kwa wakati mmoja. Aliishikilia kazi hiyo kwa miaka 47, hadi kifo chake.

Mvinyo ndio uliokuwa zao la biashara la abasia hiyo. Watawa walikuwa na mizabibu yao wenyewe, lakini pia walipokea zaka. Familia za vijiji vilivyotapakaa kwenye miteremko ile zililazimika kutoa fungu la mavuno yao kwa abasia, na mara nyingi fungu hilo lilitolewa kwa zabibu zenyewe wala si kwa fedha. Kwa hiyo kila msimu wa mavuno msimamizi wa mali alijikuta mbele ya vikapu vilivyotoka kila upande: vingine kutoka mashamba yanayopigwa na jua tangu asubuhi, vingine kutoka penye kivuli, vingine kutoka udongo wa chokaa, vingine kutoka udongo mzito wa bondeni.

Hali hiyo haihitaji maelezo marefu kwa yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa. Kahawa ya mkulima aliyetia mbolea na kupogoa vizuri hupimwa, huandikwa kwenye kitabu, kisha humwagwa pamoja na ya jirani yake. Tofauti ni kwamba Pérignon hakumwaga tu. Hapo ndipo penye kipaji chake halisi. Inaelezwa kwamba alionja zabibu zilizotoka kila shamba kabla hazijakamuliwa, na kwamba aliagiza ziletwe jioni na kuachwa dirishani usiku kucha ili azionje asubuhi kabla ya kutia kitu kingine kinywani. Baada ya hapo ndipo alipoamua zipi zichanganywe na zipi. Zabibu za shamba moja zilikuwa kali mno, za jingine zilikuwa na utamu usio na nguvu. Zikikamuliwa pamoja kwa kipimo kizuri, zilitoa mvinyo uliozidi kila mmoja wao ukiwa peke yake.

Ustadi huo wa kuchanganya ndio msingi wa shampeni hadi sasa, na ndio jambo ambalo wanahistoria wa mvinyo wanakubaliana kuwa alilikuza kuliko waliomtangulia. Ajabu ni kwamba si jambo linalotajwa na watu wanapolitaja jina lake.

Masharti yake ya shambani yalikuwa makali. Mizabibu ilipogolewa sana, ikabaki mifupi na yenye matunda machache. Uvunaji ulifanywa asubuhi wakati wa baridi na umande. Zabibu zilizopasuka, zilizooza au zilizopondeka ziliondolewa kwa mkono, kama vile akina mama wa Tetu wanavyotandaza magunia chini na kuchagua kahawa nyekundu moja moja, wakiitupa kando iliyo mbichi kabla ya kufika kwenye mizani. Mashinikizo ya kukamulia yaliwekwa karibu na mashamba ili zabibu zisisafiri. Pale ambapo safari haikuepukika, ilipendekezwa kutumia punda au nyumbu badala ya farasi, kwa kuwa wanyama hao ni watulivu na hawaitikisi mizigo. Kukanyaga zabibu kwa miguu kulikatazwa kabisa.

Alipendelea zabibu nyeusi kutengenezea mvinyo mweupe. Jambo hilo linawezekana kwa sababu rangi ya zabibu imo katika ganda, si katika maji yake. Ukizikamua haraka na taratibu, bila kuziacha maganda yakiloweka, hutoka maji meupe. Alikuwa na sababu ya kuzipendelea, nayo inahusu yale mapovu.

Champagne iko kaskazini mwa Ufaransa, mahali penye baridi kali kuliko maeneo mengi yanayolima mizabibu. Mvinyo hutokana na hamira kula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo, huku ikitoa gesi. Lakini hamira haipendi baridi. Majira ya baridi yalipoingia katika mahandaki ya Hautvillers, hamira ililala kabla ya kumaliza sukari yote, na watu wakadhani mvinyo umeiva. Joto la masika liliporudi, hamira ikaamka na kuendelea na kazi. Ikiwa mvinyo umo ndani ya pipa, gesi ilijitokea yenyewe. Ikiwa umefungwa ndani ya chupa, ilikosa pa kutokea.

Wazee wa Nyeri wanaotengeneza muratina kwa ajili ya ruracio wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Pombe ambayo bado inachemka haizibwi, la sivyo chombo kitapasuka. Ndivyo ilivyokuwa huko pia, ila kwa kishindo kikubwa zaidi. Shinikizo ndani ya chupa ya shampeni ni zaidi ya mara mbili ya lile lililo ndani ya tairi la gari dogo. Vioo vya Ufaransa vya wakati huo, vilivyoyeyushwa kwa moto wa kuni, havikuweza kulihimili. Chupa moja ilipopasuka, vipande vyake viliivunja ya pili, nayo ikaivunja ya tatu, na mtu akaingia asubuhi na kukuta mvinyo wa mwaka mzima ukitiririka sakafuni. Hata karne moja baadaye, wafanyakazi wa maghala hayo walivaa vinyago vya chuma ili kuokoa macho yao.

Kwa Pérignon, kwa hiyo, mapovu yalikuwa kasoro na hasara. Zabibu nyeusi alizichagua kwa kuwa mvinyo wake haukuwa mwepesi wa kuanza kuchemka tena kama ule wa zabibu nyeupe. Muda mwingi wa maisha yake ya kazi aliutumia kutafuta mvinyo mtulivu, safi, usiotoa povu. Huyu ndiye mtu ambaye ulimwengu umemtawaza kuwa mvumbuzi wa mvinyo wa mapovu.

Waliotangulia kuyapenda mapovu hayo, kwa kweli, walikuwa Waingereza. Walinunua mvinyo wa Champagne kwa mapipa na kuutia kwenye chupa wenyewe. Chupa zao zilikuwa imara kwa sababu viwanda vyao vya vioo vilitumia makaa ya mawe yenye joto kali, baada ya serikali kukataza kuni ili miti ibaki ya kujengea meli. Mnamo Desemba 1662, msomi Christopher Merret aliwasilisha andiko London akieleza jinsi wafanyabiashara wa mvinyo walivyoongeza sukari ili kuufanya uchangamke. Wakati huo Pérignon alikuwa bado mtawa kijana huko Verdun, na zilikuwa zimebaki miaka sita kabla hajaiona Hautvillers.

Katika miaka yake ya utumishi, mashamba ya mizabibu ya abasia yaliongezeka mara mbili. Mvinyo wake ulisifika Paris na kuuzwa kwa bei ambayo majirani hawakuipata. Miongoni mwa wenzake alikuwemo Dom Thierry Ruinart, mwanachuoni mzaliwa wa Reims, aliyefariki Hautvillers mnamo 1709. Urafiki huo ulikuwa na matokeo ambayo watawa wale hawakuyaona: miaka 20 baadaye, mnamo 1729, mpwa wa Ruinart alianzisha kampuni ya kwanza ya shampeni. Mfalme Louis XV alikuwa ameruhusu mwaka uliotangulia mvinyo usafirishwe ndani ya chupa. Kabla ya hapo ulitakiwa kusafiri kwa mapipa, na pipa halihifadhi povu. Biashara ya mapovu ilizaliwa hapo, kwa amri ya serikali pamoja na vioo vilivyoboreshwa.

Pérignon hakuwa hai kuyaona hayo. Alifariki Septemba 24, 1715, wiki tatu baada ya mfalme waliyelingana umri. Watawa walimzika katika sehemu iliyotengewa maabati, heshima ambayo msimamizi wa mali hakustahili kwa cheo chake. Si kila mweka hazina wa ushirika huagwa hivyo.

Ndugu Pierre, aliyemfuata kazini, aliandika kitabu kuhusu kilimo cha mizabibu kwa kufuata mbinu za mtangulizi wake, na kwacho tunamfahamu Pérignon mkulima. Yule Pérignon wa ngano alizaliwa baadaye sana. Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza 1789 yalivunja mashirika ya watawa na kutaifisha mali yao, pamoja na kufuta zaka. Mnamo 1821, Dom Grossard, aliyekuwa miongoni mwa watawa wa mwisho wa Hautvillers, alimwandikia barua afisa mmoja wa mji wa Aÿ akidai kuwa Pérignon ndiye aliyegundua siri ya mvinyo mweupe wenye mapovu. Mzee huyo alikuwa akiitetea nyumba iliyobomolewa, na hamu hiyo inaeleweka. Kutokana na barua hiyo na nyongeza za wengine, ilienea kwamba mtawa yule alikuwa kipofu, kwamba alikuwa wa kwanza kutumia kizibo cha gamba la mti badala ya kipande cha mbao, na kwamba alipoonja mapovu kwa mara ya kwanza aliwaita wenzake akisema anakunywa nyota. Hakuwa kipofu. Na maneno ya nyota yalitoka katika matangazo ya biashara mwishoni mwa karne ya 19.

Matangazo hayo hayakutokea bure. Kampuni za shampeni za Reims na Épernay zilikuwa zimekua na kuwa tajiri, na zilihitaji kinywaji chao kiwe na asili tukufu. Jamaa wa Moët na Chandon walikuwa wameinunua abasia na mizabibu yake mwanzoni mwa karne hiyo. Mtawa mcha Mungu akapendeza kwenye mabango kuliko mfanyabiashara mwenye daftari la hesabu. Sanamu yake ya shaba ikasimamishwa Épernay mbele ya kampuni, akiwa ameshika chupa inayofoka povu. Jina lenyewe lilikuwa mali ya kampuni ya Mercier hadi lilipopewa Moët & Chandon kupitia ndoa mnamo 1927. Chupa za kwanza zenye jina la Dom Pérignon ziliuzwa mnamo 1936, zikiwa na mvinyo wa mavuno ya 1921.

Familia zilizolima zabibu hazikutajwa kwenye mabango. Tangu enzi za zaka hadi enzi za kampuni, wao walibaki watu wa vikapu. Mkulima hakuwa na mahandaki, mashine, wala mtaji wa kuweka chupa chini ya ardhi kwa miaka mingi bila kuuza. Zabibu hazingoji, zikiiva zinauzwa au zinaoza, na mnunuzi anajua hivyo. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 mdudu aliyeitwa filoksera alikuwa akiishambulia mizizi ya mizabibu, mavuno ya 1910 yalikaribia kuwa sufuri, na bado wafanyabiashara kadhaa waliendelea kuuza shampeni. Walikuwa wakileta zabibu na mvinyo kutoka mikoa mingine kwa bei ya chini na kuutia ndani ya chupa zilizoandikwa Champagne.

Mnamo Januari 1911 wakulima waliinuka. Walivamia maghala, wakayapasua mapipa na kuumwaga mvinyo barabarani na mtoni. Ghasia za kwanza zilizuka katika kijiji cha Damery na katika kijiji jirani, ambacho si kingine ila Hautvillers, pale pale alipozikwa mtawa. Aprili mwaka huo zilizuka upya kwa hasira kubwa zaidi, na majengo ya wafanyabiashara mjini Aÿ yakateketezwa. Serikali ilituma maelfu ya wanajeshi. Madai ya wakulima yalikuwa sahili: jina la Champagne litumike kwa mvinyo wa zabibu za Champagne pekee. Walipata sheria kamili mnamo 1927, baada ya vita vikuu kupita juu ya mashamba yao.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Kampuni zilikosa wanunuzi, nazo zikaacha kununua zabibu. Familia nyingi, zikiwa na mavuno yasiyo na mteja, ziliamua kukamua na kuzitia chupani zenyewe, au kujiunga na vyama vya ushirika vilivyokuwa na mashinikizo. Walioanza kwa kukosa la kufanya waligundua kuwa watu walikuwa tayari kununua chupa yenye jina la mkulima.

Mkulima wa Nyeri atailinganisha miaka hiyo na historia yake. Wakati familia za Champagne zilipokuwa zikijifunza kuuza kwa jina lao, Mwafrika wa sehemu nyingi za Kati alikuwa bado amezuiwa kupanda kahawa, zao lililotengewa walowezi. Milango ilifunguliwa kwa upana kupitia Mpango wa Swynnerton wa 1954. Ushirika alioupata ulimpa kiwanda cha kutoa maganda na kuanika, lakini kukaanga, kufunga pakiti na kuandika jina kumebaki kwa kiasi kikubwa ng'ambo. Kuna vyama ambavyo vimejaribu kukaanga vyenyewe, kile cha Othaya kikiwa miongoni mwao, ila soko la pakiti hukumbwa na tatizo lile lile la zabibu: anayehitaji fedha za karo mwezi huu hawezi kungoja mwaka ujao.

Siku hizi wakulima wapatao 16,000 wanamiliki takriban asilimia 90 ya mizabibu yote ya Champagne, wengi wao wakiwa na ekari chache. Hata hivyo, kampuni kubwa ndizo zinazouza sehemu kubwa ya chupa. Mnamo 2015, Unesco iliiweka miteremko hiyo, mahandaki na majumba yake katika orodha ya urithi wa dunia.

Hautvillers bado ni kijiji kidogo cha wakulima. Katika kanisa la abasia liko jiwe jeusi la kaburi lenye maandishi ya Kilatini, na wageni hupanga foleni kulitazama. Njiani wanapita malango ya familia zinazouza mvinyo wao wenyewe. Anayetaka kujua chupa imetoka kwa nani huangalia herufi mbili ndogo pembeni mwa lebo: RM ni ya mkulima aliyetumia zabibu zake na kuutengeneza mvinyo mwenyewe, NM ni ya kampuni inayonunua zabibu. Ile yenye jina la Dom Pérignon imeandikwa NM.